Miaka tisa ya kiwandani, na mtoto anayenihitaji kutwa nzima

SWALI

Shikamooni wahusika wa safu hii,

Mimi ni mama wa miaka 34, naishi Kitangiri, hapa Mwanza. Kwa miaka tisa nilifanya kazi katika kiwanda cha minofu ya sangara. Nilianzia kwenye meza ya kukatia minofu, nikapanda hadi kitengo cha ubora. Kazi yangu ilikuwa kupokea samaki wanapoteremshwa, kupima joto lao, kujaza fomu, kusimamia usafi wa watu na wa sakafu, na kukataa mzigo pale inapobidi. Kazi niliijua na niliipenda.

Mwanangu wa pekee ana miaka minne na nusu. Uchungu ulinishika jioni, nikajifungua kesho yake alasiri. Hakulia, akawekwa kwenye oksijeni. Hadi miezi kumi shingo ilikuwa bado haijakaza, ndipo tulipoambiwa ana mtindio wa ubongo. Mpaka leo hakai bila kushikiliwa, miguu inakakamaa na kupishana, na kula kunachukua saa nzima. Alipofikisha miaka miwili kilianza kifafa. Nikaandika barua ya kuacha kazi.

Nina mambo matatu. Kwanza, mama mkwe, aliyeko Ukerewe, anasema ile baridi na zile dawa za kiwandani ndizo zilizomharibu mtoto, na mimi nikilala neno hilo haliniachi. Pili, naona miaka yote tisa imekwenda bure; niliyoyajua yalihusu samaki, hayana msaada kwa mtoto. Tatu, fedha. Mume wangu ni fundi wa injini za mitumbwi pale Kirumba, kipato chake kinapanda na kushuka. Anashauri nifuatilie michango yangu ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, iwe mtaji, nifungashe dagaa na unga wa dagaa hapa nyumbani huku namtazama mtoto. Mimi ningependa kurudi kazini lakini sioni njia. Nifanyeje?

Mama G., Kitangiri

JIBU

Mama G., marahaba, na pole kwa mzigo unaoubeba.

Tuanze na neno linalokunyima usingizi. Mtindio wa ubongo unatokana na ubongo kuumia wakati bado unakua, yaani tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika miaka ya mwanzo. Sababu zinazofahamika ni mtoto kukosa hewa wakati wa uzazi, kuzaliwa kabla ya siku, manjano makali yasiyotibiwa, homa ya uti wa mgongo na malaria iliyopanda kichwani. Wewe mwenyewe umeandika: uchungu wa muda mrefu, mtoto hakulia, akawekwa oksijeni. Hayo ndiyo ambayo daktari yeyote ataanza nayo. Kusimama kwenye chumba cha baridi hakusababishi mtindio wa ubongo, wala klorini ya kunawia mikono na kusafishia buti. Usibishane na mama mkwe nyumbani, kwa sababu atasikia mkwe anayejitetea. Akija Mwanza, nenda naye kliniki, keti pembeni, mwombe daktari amweleze yeye kama bibi wa mtoto. Neno hilo likitoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe litafika hadi Ukerewe, na huenda ukapata msaidizi mahali ulipokuwa na mshitaki.

Jambo la pili hatukubaliani nawe kabisa. Mkaguzi wa ubora ni mtu aliyefundishwa kuona tatizo kabla halijawa hasara, kuandika alichokiona saa hiyohiyo, na kusimamisha kazi kipimo kikivuka mpaka. Mtoto mwenye kifafa, misuli inayokakamaa na shida ya kumeza anahitaji hasa mtu wa namna hiyo. Shida ni kwamba nyumbani hakuna fomu, kwa hiyo ujuzi wako umekaa bila chombo. Tengeneza fomu.

Nunua daftari kubwa la mistari. Kila siku ukurasa mmoja, safu nne: saa, alichokula na kiasi, dawa, na tukio. Kwenye tukio la kifafa usiandike tu «alianguka». Andika kilianza saa ngapi, kilidumu dakika ngapi kwa saa ya simu, kilianzia upande gani wa mwili, macho yalielekea wapi, alikuwa na homa au hana, na baada ya hapo alilala muda gani. Ukienda kliniki, daktari ana foleni ya kina mama barazani. Mama anayesema «bado kinamsumbua» ataondoka na dawa ileile. Ukisema «mwezi uliopita vilikuwa sita, vinne kati ya hivyo ni alfajiri, na viwili vilikuja siku tuliyochelewa kumpa dawa», umemwezesha daktari kuamua jambo.

Mpime uzito kila mwezi, uandike nyuma ya daftari. Dozi ya dawa za kifafa za watoto, kama phenobarbitoni, hupangwa kwa uzito. Mtoto aliyeanza dawa akiwa na kilo tisa, leo ana kumi na tatu, anaweza kuwa anakunywa dozi iliyokwisha kuwa ndogo, na wazazi wakadhani dawa imezoeleka. Usiongeze mwenyewe, peleka namba mbili hizo kwa daktari. Na dawa isikatike ghafla hata kama miezi imepita bila tukio, maana kuikata ghafla kunaweza kuleta kifafa kikali kuliko kilichokuwepo. Ule utaratibu wako wa kutosubiri boksi la mwisho kiwandani uurudishe hapa: zikibaki za siku kumi, unakwenda kuchukua nyingine. Kifafa kikija, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na kikipita dakika tano chukua bajaji kwenda hospitali bila kusubiri kiishe.

Ile saa nzima ya kula ndiyo inayotutia wasiwasi zaidi katika barua yako. Mtoto wa namna hii mara nyingi hulishwa akiwa amelazwa mapajani, kichwa kimeinama nyuma, uji unamiminwa. Kichwa kikielekea nyuma njia ya hewa hufunguka, uji hupita humo, na nimonia za mara kwa mara ambazo watu huzilaumu upepo wa ziwani mara nyingi huanzia kwenye kijiko. Mkalishe wima, nyonga na magoti yakunjwe, kidevu kiinamishwe kidogo kuelekea kifuani. Keti mbele yake, macho yako yawe usawa wa macho yake, ili asilazimike kunyanyua uso. Tumia kijiko cha plastiki kisicho na kina kirefu, nusu kijiko kwa wakati, ukibonyeze kidogo juu ya ulimi, kitoe bila kukikwangua kwenye meno ya juu, kisha subiri ameze ndipo uongeze. Uji mzito unaoteleza polepole kwenye kijiko humezeka kwa usalama kuliko uji mwepesi kama maji. Sauti yake ikianza kuwa kama ya mtu mwenye maji kooni, au akikohoa, au macho yakitoa machozi, simama. Mpaka wako uwe dakika thelathini. Zikipita amechoka, na akichoka ndipo chakula kinapoingia njia isiyo yake. Badala ya milo mitatu mirefu mpe mitano au sita mifupi, kisha akae wima nusu saa nyingine baada ya kula.

Kwa kuwa tumbo lake halipokei kingi, kila kijiko kiwe na nguvu: kijiko cha chai cha mafuta ya kula kwenye bakuli la uji, karanga zilizosagwa laini kabisa, unga wa dagaa uliochekechwa kwenye kitambaa ili mabaki ya miiba yasipite. Minofu unaijua wewe kuliko sisi. Ipapase kwa vidole kama ulivyofanya mezani, kisha ipondeponde. Kama uzito hauongezeki kwa miezi miwili mfululizo, au anapata nimonia tena na tena, hilo ni la kupeleka Sekou Toure au Bugando likiwa limeandikwa kwenye daftari, na uombe akaangaliwe namna anavyomeza.

Sasa kiti, kwa sababu bila kiti hakuna kazi utakayofanya. Mtoto asiyekaa mwenyewe huchukua mikono miwili ya mtu mmoja kutwa nzima. Akikaa kwenye kiti kinachomfaa hata nusu saa mara nne kwa siku, umerudishiwa saa mbili, naye anauona mji badala ya dari. Kinachomfaa mtoto wa hali iliyoelezwa kwenye barua yako mara nyingi ni kiti cha kona. Mtaalamu wa fiziotherapia au wa tiba kwa vitendo ndiye athibitishe, lakini seremala yeyote wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa nusu ya karatasi ya plaiwudi ya milimita 12.

Mpime mtoto akiwa amekalishwa, miguu imekunjwa. Kina cha kiti ni kuanzia nyuma ya makalio hadi nyuma ya goti, utoe upana wa vidole viwili. Upana ni wa nyonga zake, uongeze sentimita mbili kila upande, basi. Mgongo ni mbao mbili zilizokutana kwa pembe ya kona, zifike usawa wa kisogo, maana kona hiyo huleta mabega mbele na kumzuia asijirushe nyuma. Katikati ya mapaja uwekwe mti mfupi wa mviringo uliovikwa sponji, unene wa sentimita sita hivi, ili miguu isipishane. Meza ya mbele iwe usawa wa viwiko. Chini kuwe na ubao wa kukanyagia, goti likae pembe mraba. Nyayo zikining'inia, mwili mzima hukakamaa, na watu watasema mtoto hapendi kiti.

Kosa la mafundi, na kwa kweli la wazazi, ni kukifanya kikubwa «ili akue nacho». Katika kiti kikubwa mtoto huteleza mbele, mgongo unapinda, nyonga zinakaa upande. Tengeneza cha leo. Baada ya mwaka na nusu au miwili utabadilisha mbao mbili tatu. Mwanzo mkalishe dakika kumi, umtoe, angalia ngozi ya makalio na mgongo. Pakiwa na wekundu usioondoka baada ya dakika ishirini, sponji ni nyembamba au kuna msumari uliopanda. Ongeza dakika tano kila baada ya siku mbili tatu.

Wakati wa kumbeba, usimnyanyue kwa kumvuta mikono. Mkunje kwanza nyonga na magoti, ukakamavu utapungua, ndipo umwinue. Mbeleko ya mgongoni, miguu imetanuka kiunoni mwako, ni nzuri kwa nyonga zake kuliko kumbeba mikononi kama mtoto mchanga. Na kwa kuwa miguu inapishana na hasimami, muulize daktari lini atapigwa picha ya nyonga. Nyonga za watoto wasiotembea huchomoka taratibu bila kelele, na zikigunduliwa mapema matibabu huwa mepesi.

Hayo yakikaa sawa, tuje kwenye fedha.

Dagaa wa nyumbani kama kazi ya kwanza hatukushauri. Biashara yenyewe ni nzuri, ila ina mambo matatu yanayogongana na mtoto wako. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa gizani. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika na bei inapanda, kwa hiyo anayepata faida ni yule mwenye fedha ya kununua siku za giza, dagaa wakiwa wengi, na mahali pakavu pa kuhifadhi, juu ya mbao na si sakafuni. Wewe huna akiba hiyo, na chumba cha ziada sidhani kama kipo. Halafu kuna mvua, ambayo huku kwetu inaweza kunyesha kuanzia Oktoba hadi Mei. Dagaa walioanikwa wakanyeshewa, wanaanza kunuka kabla hujawageuza. Unga nao una mafuta ya samaki ndani yake. Ukisagwa, mafuta hayo hukutana na hewa na kuchacha haraka kuliko dagaa mzima, kwa hiyo mzigo uliododa wiki kadhaa ni hasara tupu. Na vumbi la kusaga dagaa ndani ya nyumba ya mtoto mwenye kifua kinachoshambuliwa ni hatari ambayo ukaguzi wako mwenyewe usingeipitisha.

Tazama upande mwingine. Pale Kirumba Mwaloni na mitaa ya jirani kuna watu wanaofungasha dagaa, unga wa lishe, samaki wa kukaanga. Wengi wao wanataka alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, ili waingie madukani, na njia ya mjasiriamali mdogo hupitia barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambao ofisi yao ya mkoa iko Nyakato. Wanakwama kwenye jengo na kwenye makaratasi. Hawana ratiba ya usafi iliyoandikwa, hawana namba ya kundi la uzalishaji kwenye pakiti, hawana kumbukumbu inayosema mzigo huu ulitoka kwa nani na ulikwenda kwa nani, hawana mpango wa kuzuia nzi na panya, maji wanayooshea hawajui yametoka wapi. Wewe umefanya hayo miaka tisa. Wauzie siku zako.

Anza na mmoja. Ziara ya kwanza unatembea naye tangu mzigo unapoingia hadi pakiti inapofungwa, unaandika mapungufu kwa mpangilio wa hatari: yanayoweza kumdhuru mlaji kwanza, yanayoharibu sura ya bidhaa mwisho. Ziara ya pili unamletea fomu tano: mapokezi ya mzigo, usafi wa kila siku, afya ya wafanyakazi, uanikaji na ufungashaji, na mauzo. Zisizidi. Mtu aliyezoea kuandika nyuma ya boksi la sigara ukimpa fomu ishirini hatajaza hata moja. Ziara ya tatu, baada ya wiki mbili, unakagua kama zinajazwa kweli au zinajazwa zote asubuhi moja kwa kalamu ileile. Unalijua hilo jicho.

Bei ya siku moja: chukua mshahara wako wa mwisho wa mwezi, gawa kwa 26, ongeza nauli na malipo ya mtu atakayebaki na mtoto siku hiyo. Usishuke chini ya hapo kwa sababu ya aibu. Omba nusu kabla ya ziara ya kwanza, na wasilipe kwa dagaa. Ziara mbili kwa wiki, saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, zinatosha kwa miezi mitatu ya mwanzo. Mtaji wake ni daftari, kipimajoto na nauli ya daladala.

Kurudi kiwandani nako kusiondolewe mezani. Ila nenda ukijua unachoomba. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na kiwango cha chini cha likizo yenye malipo kwa ajili ya mtoto anayeumwa ni siku nne katika mzunguko wa miezi 36. Mtoto wako atazimaliza kabla ya mwaka. Kwa hiyo usikubali kazi ukitumaini huruma ya msimamizi. Omba mapema, kwa maandishi, shifti moja isiyobadilikabadilika, na siku moja ya kliniki kwa mwezi ambayo utaifidia. Anayepanga shifti anaweza kuishi na jambo analolijua tangu mwanzo. Linalomkera ni simu ya saa kumi na mbili asubuhi.

Kabla ya hapo nenda kwa mwajiri wako wa zamani ukachukue cheti cha utumishi, kama hukuchukua. Sheria hiyohiyo inamtaka akupe ajira inapokoma. Kwenye wasifu wako wa kazi usiifiche miaka hii: andika mwaka ulioacha, andika «malezi ya mtoto mwenye ulemavu», kisha mstari mmoja wa ulichokisimamia, yaani dawa, kumbukumbu za kila siku, ratiba ya kliniki. Pengo lisiloelezwa humtia mwajiri shaka kuliko maelezo yenyewe.

Fedha ya NSSF tunakuomba uiache. Pensheni ya uzeeni hudai michango isiyopungua miezi 180. Miaka tisa, kama kila mwezi ulipelekwa, ni 108. Umebakiwa na 72, nawe una miaka 34. Mtoto huyu huenda akakutegemea hata utakapokuwa na mvi, kwa hiyo pensheni yako ni yake pia. Nenda tawini uombe taarifa ya michango, hesabu mwezi kwa mwezi, angalia kama kuna iliyorukwa, na uulize namna ya kuendelea kama mchangiaji wa hiari aliyejiajiri. Mkihitaji mtaji baadaye, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Kitangiri iko Manispaa ya Ilemela, basi pa kuanzia ni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata yako, usipoteze siku katika ofisi za Jiji. Kina mama mnaokutana kwenye benchi la fiziotherapia ni kikundi tayari, kimebaki kuandikishwa tu. Lakini kopeni kwa kuongeza biashara inayouza, si kwa kuijaribu.

Yote haya yanasimama au kuanguka kwa mtu mmoja: atakayebaki na mtoto. Kina mama wengi wanarudi kazini Jumatatu na dada wa kazi kafika Jumapili. Mpe wiki mbili za malipo kamili kabla hujaondoka. Siku tatu za kwanza anatazama, hagusi kijiko. Siku nne zinazofuata analisha yeye, wewe umekaa pembeni bila kumnyang'anya. Wiki ya pili unatoka saa moja, kisha mbili, kisha asubuhi nzima, na daftari anajaza yeye. Kama hajui kuandika vizuri, achore alama: mduara kwa chakula, msalaba kwa dawa, mstari kwa kila tukio. Ukutani bandika karatasi ya hatua za kifafa na namba ya dereva wa bajaji anayeijua nyumba yenu. Dawa iwe kwenye vikopo vilivyoandikwa siku, si chupa nzima. Asiyeweza kumkunja mtoto kabla ya kumwinua, au anayelisha haraka ili amalize, hafai, hata kama anafua vizuri na ni ndugu wa mumeo.

Baba naye apewe jambo lake maalumu, si «nisaidie». Kliniki moja kwa mwezi aende yeye, na daftari. Akiliona swali la daktari kwa macho yake, hesabu ya dagaa na NSSF ataipiga tofauti.

Mambo mawili yana tarehe. Mtoto chini ya miaka mitano hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali. Wako amebakiwa na miezi sita. Tumia miezi hiyo kupata cheti chake cha kuzaliwa kama hana, barua ya serikali ya mtaa na maelezo ya daktari, kisha umwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali ueleze hali yenu kabla siku haijafika, kwa sababu kutafuta msamaha wa matibabu ukiwa dirisha la malipo na mtoto anatetemeka ni mateso. La pili ni shule. Mwone afisa elimu maalumu wa Manispaa ya Ilemela mwaka huu, kabla ya uandikishaji wa Januari, apange mtoto afanyiwe upimaji na akutajie shule iliyo karibu yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu. Ukienda, beba vipimo vya kile kiti. Mwalimu atakuuliza kama mtoto anaweza kukaa darasani, na jibu lako litakuwa sentimita na dakika.

Tuandikie ziara ya kwanza ikishafanyika, na umwambie fundi wako plaiwudi isiwe ya milimita sita, hujikunja.